DVD ya harusi "haichezi": uchambuzi wa kisa kimoja

Mteja hakuwa bwana harusi wala bibi harusi. Alikuwa mama wa bwana harusi, mkazi wa Tanga mjini, aliyelipa kazi ya video, akagawa DVD kwa ukoo mzima, kisha simu zikaanza kumiminika. Kaka yake yuko Muscat. Wifi yake yuko Ohio, Marekani. Mama yake mzazi yuko Muheza, ana deki ya zamani na TV ya chogo. Wote walimwambia kitu kimoja, kwamba DVD haichezi. Kijana aliyepiga video naye alishikilia kwamba kwake inacheza, na kweli ilicheza, kwa sababu aliijaribu kwenye laptopu ileile aliyoichomea.

"Mwanangu," mama aliniambia akimwaga diski mezani, "mimi mambo ya kompyuta siyajui. Kwa mwenyewe inacheza, kwa watu haichezi. Sasa hapa nani mwongo?"

Hakuna aliyekuwa mwongo. Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu wapiga video wa sherehe bado wanaombwa DVD, na wengi wao wameingia kwenye kazi hii wakati flashi imeshatawala. Wanaichukulia diski kuwa flashi ya mviringo: unaweka faili, unatoa faili. Karibu kila kasoro iliyokuwa ndani ya mfuko ule ilianzia kwenye dhana hiyo.

Neno "haichezi" halimsaidii fundi. Nilimwomba mama apige simu moja baada ya nyingine, aweke spika, nami nikauliza swali lilelile: kioo kinaonyesha nini? Majibu yakatofautiana mara moja. Deki ya Muheza ilipopewa diski ya kwanza ilizungukazunguka, ikaandika kwamba haina diski ndani. Ya pili iliicheza, lakini bibi alilalamika kwamba watu ni warefu na wembamba, na kila wakicheza ngoma wanatetemeka kama wenye homa. Mashine ya Muscat iliisoma diski ya kwanza, ikaleta jina la faili kwenye kioo, halafu ikasema haitambui aina ya video. Ohio walikuwa na diski ya pili, nayo ilikataliwa kabisa. Jirani wa hapa Tanga, mwenye TV ya flati, alisema yake nzuri isipokuwa picha ina ukungu na inakwama kuelekea mwisho, kila mara palepale.

Kwa hiyo kulikuwa na awamu mbili za diski. Kijana alichoma ya kwanza, malalamiko yakaja, akachoma ya pili kwa njia nyingine. Kila awamu ilikuwa na ugonjwa wake.

Awamu ya kwanza

Ndani ya diski ya kwanza mlikuwa na faili moja la MP4, zaidi ya gigabaiti 4, lenye harusi nzima ya saa 3 na dakika 20. Picha ilikuwa ya nukta 1920 kwa 1080, imebanwa kwa H.264, njia ya kubana video iliyokuja baada ya DVD. Faili safi kabisa, ila halikuwa DVD.

DVD ya video ni kanuni iliyokamilishwa mwaka 1996, na mashine za kwanza ziliuzwa Japani mwishoni mwa mwaka huohuo. Kanuni hiyo inataka picha iwe imebanwa kwa MPEG-2 (au MPEG-1), ukubwa usizidi 720 kwa 576 kwa nchi za PAL (mfumo wa picha za TV unaotumika huku kwetu), fremu 25 kwa sekunde, yaani picha mojamoja zinazounda video, na sauti ya kilohezi 48. Inataka pia mpangilio wake maalumu: folda ya VIDEO_TS, ndani yake mafaili ya IFO yenye ramani ya diski, nakala zake za akiba zinazoishia na BUP, na picha yenyewe kwenye mafaili ya VOB yasiyozidi gigabaiti 1 kila moja. H.264 ilisanifiwa mwaka 2003. Deki iliyotengenezwa kwa kanuni ya 1996 tu haina namna ya kuielewa, hata ungeisafisha lenzi mara ngapi.

Lakini kwa nini Muheza ilisema hakuna diski na Muscat ikaonyesha jina la faili, ilhali yaliyomo ni yaleyale? Hapa nilimwita kijana mwenyewe, kwa sababu hakuna kifaa kitakachokueleza mtu alibonyeza nini. Alikumbuka. Windows ikiona diski tupu inakuuliza utaitumiaje: kama flashi, au kwenye mashine ya CD na DVD. Zile za kwanza alichagua kama flashi, kwa sababu ilionekana rahisi. Nyingine, ikiwemo ya Muscat, alichagua jibu la pili.

Ukichagua njia ya flashi, Windows inaiandaa diski kwa mfumo wa faili unaoruhusu kuongeza na kufuta vitu baadaye. Kompyuta inausoma vizuri. Deki ya sebuleni kwa kawaida haiusomi, na kwake diski hiyo ni sawa na sahani tupu. Njia ya pili inaandika mfumo ambao mashine nyingi zinausoma, ndiyo maana ile ya Muscat, ambayo ni ya kizazi cha baadaye na hucheza pia mafaili ya kawaida ya AVI na MP3, ikafika hadi kwenye jina la faili. Ilikwama kwenye kodeki, yaani njia iliyotumika kubana video. Na hili ndilo linalowapotosha wengi: jibu la pili la Windows linataja mashine ya DVD, mtu akaamini kwamba kompyuta itamtengenezea DVD. Haitengenezi. Inanakili faili lilivyo, basi.

Awamu ya pili

Baada ya malalamiko, kijana alitafuta programu ya bure ya kugeuza video kuwa DVD. Akaingiza MP4 yake, akabonyeza kitufe, ikachakata video usiku kucha, asubuhi akachoma. Hii ilikuwa DVD halali. VIDEO_TS ilikuwepo, IFO, BUP, VOB, kila kitu. Matatizo yake yalikuwa ya aina nyingine, na kwangu ndiyo yaliyokuwa na mafunzo zaidi.

Nilianza na ukungu wa picha kwa sababu huo unapimika kwa hesabu ya darasa la saba. Diski ya tabaka moja inabeba baiti bilioni 4.7, ambazo kompyuta huzionyesha kama gigabaiti 4.38 kwa sababu ya namna yake ya kuhesabu. Zidisha kwa 8 upate biti bilioni 37.6. Harusi ya saa 3 na dakika 20 ni sekunde 12,000. Gawanya: unapata megabiti 3.13 kwa kila sekunde, picha na sauti kwa pamoja. Kanuni ya DVD inaruhusu picha peke yake ifike 9.8. Tayari tuko chini, lakini 3.13 ingeweza kutazamika.

Ila nilipofungua VOB nikakuta sauti haikubanwa. Programu ile iliweka sauti ghafi, PCM: sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili, yaani megabiti 1.536 kila sekunde. Sauti ilimeza karibu nusu ya diski! Picha ikabakiwa na chini ya 1.6, na programu, kwa kuwa iliambiwa kila kitu kiingie kwenye diski moja, ikatii. Sauti hiyohiyo ikibanwa kwa AC-3 inatosheka na kilobiti 224, na hakuna mgeni wa harusi atakayesikia tofauti kupitia sabufa ya sebuleni.

MPEG-2 inapokosa biti haiharibu kila mahali kwa usawa. Inafanya kazi kwa kuhifadhi fremu moja kamili kila baada ya fremu kadhaa, kwa PAL zisizozidi 15, kisha katikati inahifadhi mabadiliko tu. Shehe akiwa ameketi anasoma hotuba ya nikahi, mabadiliko ni midomo na mikono, kwa hiyo hata megabiti moja na nusu inaonekana inafaa. Njoo ukumbini. Wanawake wamesimama kwenda kumtuza mwimbaji wa taarabu, madera yanametameta, leso zenye maua madogomadogo zinapepea, taa za rangi zinazunguka, na kila sekunde mbili simu ya mtu inapiga mwanga. Mwanga mmoja tu unabadilisha fremu nzima. Kila kitu ni mabadiliko, biti hazipo, na picha inavunjika vipande vya miraba. Sehemu ambayo ukoo wote unaitafuta, ili mtu ajione alivyotuza, ndiyo iliyoharibika kuliko zote. Kijana hakuiona kwa sababu aliijaribu diski kwa kutazama dakika zake za mwanzo, na mwanzo ni nikahi.

Kuhusu watu warefu na wembamba: DVD huhifadhi picha pana ya 16:9 na picha ya 4:3 kwa ukubwa uleule wa 720 kwa 576. Kinachozitofautisha ni alama ndogo inayoiambia mashine inyooshe picha au iweke mikanda myeusi juu na chini. Alama ilikosewa, ikasema 4:3. Kwenye flati ya jirani, iliyowekwa ivute kila picha ijaze kioo, kosa halikuonekana. Kwenye chogo la Muheza ukoo mzima ulirefuka. Na majina ya maharusi, yaliyoandikwa pembezoni kabisa mwa picha, yalikatwa, kwa sababu TV za chogo huficha kingo za picha. Anayeandika majina ayasogeze ndani kiasi.

Mtetemeko ulikuwa wa kifundi zaidi. Kamera ya kijana ni ya AVCHD, mfumo ambao Sony na Panasonic waliuleta mwaka 2006. Inarekodi 1080 kwa nusu-fremu 50 kwa sekunde, yaani kila fremu imefumwa kwa mistari ya nyakati mbili tofauti, na nusu-fremu inayoanza na mstari wa juu kabisa (ndiyo tunayoiita nusu ya juu) ndiyo inayotangulia. Programu ilidhani nusu ya chini ndiyo ya kwanza. Matokeo yake, TV inaonyesha wakati wa pili kabla ya wa kwanza, kisha inarudi nyuma, mara 25 kwa sekunde. Mtu aliyetulia anaonekana sawa. Akitingisha bega tu, anatetemeka. Dirisha dogo la programu ya kuhariri, linaloonyesha fremu moja moja, halikuonyesha chochote.

Kukwama mwishoni hakukuhusu video hata kidogo. DVD huchomwa kuanzia katikati kwenda nje. Kinachokwama mahali palepale karibu na mwisho, mara nyingi kiko ukingoni mwa diski, na ukingo ndio sehemu inayochomwa kwa kasi kubwa zaidi kifaa kinapoachiwa kikimbie. Kijana alitumia diski za bei ya chini kabisa, zile zinazouzwa zimepangwa kwenye kijiti bila makasha, akachoma kwa kasi ya 16x, akaruka hatua ya kuhakiki. Juu yake akabandika stika ya karatasi yenye picha ya maharusi. Stika inapendeza. Pia inaifanya diski isizunguke kwa mizani, na joto la ndani ya mashine linaanza kuikunja. Mimi stika kwenye DVD sizikubali kwa mteja yeyote. Kuna diski nyeupe za kuprintiwa moja kwa moja, na kwa asiyekuwa na printa ya aina hiyo, kalamu ya CD inatosha.

Ohio

Mama aliamini tatizo la Ohio ni ule ukanda wa DVD, ambao watu wengi wamewahi kuusikia: Marekani ni ukanda wa 1, Oman wa 2, Tanzania wa 5. Lakini kufuli hilo huwekwa na makampuni ya filamu kwenye diski zao. Diski uliyoichoma nyumbani haina kufuli. Kikwazo kilikuwa PAL. Kwenye DVD, Tanzania na Oman zote zinatumia PAL, Marekani wanatumia mfumo mwingine, NTSC, wa 720 kwa 480 na fremu 29.97. Mashine zinazouzwa huku kwa kawaida hucheza mifumo yote miwili. Mashine nyingi za sebuleni za Marekani hazichezi PAL.

Nilimuuliza yule wifi kwa simu: "Shangazi, huna laptopu yenye sehemu ya kuwekea diski? Kompyuta haijali PAL wala NTSC."

"Ninayo," akajibu, "ila sitaki wageni wangu wabanane kwenye laptopu. Nataka TV."

Basi ikawa NTSC. Kuhamisha nusu-fremu 50 kwenda takribani 60 kunaacha alama: mwendo unakuwa na mkwaruzo mdogo pale kamera inapozunguka ukumbi. Nilimwambia mapema. Kosa kubwa lingekuwa kuigeuza ile DVD ya PAL iliyokwisha kubanwa, kwani ingekuwa kubana kilichobanwa. Nilirudi kwenye mafaili ya kamera.

Kazi ilivyofanywa upya

Kwa bahati kijana alikuwa bado ana kila kitu kwenye diski ya nje ya kompyuta (hard disk), pamoja na mradi wake wa kuhariri. MP4 ile niliiweka pembeni. Tukatoa upya kutoka kwenye mafaili ya MTS ya kamera, na hapo likaibuka jambo ambalo hakuna mteja aliyelalamikia: mlio mdogo wa kukatika sauti, mara chache, katikati ya hotuba. Kamera za aina hii hukata rekodi ndefu kuwa mafaili kadhaa kwa sababu kadi ina kikomo cha ukubwa wa faili. Ukiyaingiza kwenye programu moja moja, maungio yanaweza kuacha pengo. Yakiunganishwa baiti kwa baiti kwanza, pengo linatoweka.

Vipande vya simu vilivyotumwa na ndugu vilikuwa na balaa lao. Simu hairekodi fremu 30 kamili. Idadi hupanda na kushuka kufuatana na mwanga, na kipande kirefu kikiingizwa hivyo sauti inaanza kuachana na midomo. Kila kimoja nilikipitisha kwanza kwenye programu ya FFmpeg kikatoka na fremu 25 zisizobadilika. Mkwaruzo kidogo upo, lakini ni vipande vya dakika moja moja.

Uamuzi mkubwa ulikuwa idadi ya diski. Kijana alitaka diski ya tabaka mbili, inayobeba gigabaiti 8.5. Nilikataa kwa ajili ya Muheza, kwa sababu deki za zamani zina taabu na diski za kuchoma za tabaka mbili kuliko za tabaka moja. Kulikuwa pia na njia ya kupunguza picha hadi 352 kwa 576, ambayo kanuni ya DVD inairuhusu na ambayo hula biti chache. Kwenye chogo ingependeza, kwenye flati ya jirani ingekuwa laini mno. Tukaenda na diski mbili.

Wengi wangegawa katikati, dakika 100 kwa 100. Sikufanya hivyo. Diski ya kwanza ilibeba nyumbani, kupambwa, nikahi na chakula, saa 1 na dakika 55 za watu walioketi au wanaotembea polepole; wastani wa megabiti 5 uliwatosha. Ya pili ilibeba ukumbi peke yake, saa 1 na dakika 25, kwa wastani wa 6.5. Ngoma ikapata biti zake. Zote zilibanwa kwa mapito mawili: programu inaipitia video mara ya kwanza kupima wapi pana msukosuko, mara ya pili inagawa biti kufuatana na hivyo. Kilele nilikifunga kwenye 8, ingawa kanuni inaruhusu zaidi, kwa sababu lenzi iliyochoka ikisoma diski ya kuchoma huanza kurukaruka pale biti zinapofurika. Sauti AC-3. Nusu ya juu kwanza. Alama ya 16:9.

Menyu ilitengenezwa kwa programu ya DVDStyler, ya picha moja iliyosimama. Kijana alitaka menyu yenye muziki na maua yanayoanguka. Mama akasema anataka kitufe kimoja tu kinachompeleka mtu kwenye kutuza. Akakipata.

Kila diski ilitolewa kwanza kama faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja, nikaitazama kwenye programu ya VLC nikirukia mwanzo, katikati, na dakika za mwisho kabisa. Kisha nakala moja ya kila diski ikachomwa kwa programu ya ImgBurn kwenye DVD-R ya jina linaloaminika, kwa 8x, na kuhakikiwa. DVD-R na siyo DVD+R, kwa kuwa ndiyo deki kongwe huielekea zaidi. Mama alikuwa ameshaagiza deki ya Muheza iletwe kwa basi. Nilijaribu hapo kwanza, kabla ya mashine nyingine yoyote, maana iliyo mbovu kuliko zote ndiyo inayotoa hukumu. Ilikawia kidogo kuisoma diski, ikafungua menyu, ikacheza hadi mwisho wa diski ya pili bila kukwama.

Kilichobaki ni mafaili yenyewe. Fremu ya kamera ina nukta 2,073,600. Fremu ya DVD ya PAL ina 414,720, yaani moja ya tano kamili. Mama akiwa na DVD peke yake, sehemu nne kati ya tano za picha aliyoilipia hana. Kwa hiyo folda nzima ya AVCHD, bila kuchomoa MTS pekee, ilinakiliwa kwenye diski mbili za nje, moja kwake na moja kwa bwana harusi, pamoja na MP4 mpya kwa ajili ya TV zinazokubali flashi. Kijana alichukua zile ISO akachoma nakala zilizobaki mwenyewe, na moja tu ilirudi: ya jirani. Alikuwa ameibandika stika.